Sensa za shamba la zabibu zinamaliza bando

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi nalima zabibu Hombolo, huku Dodoma, nimefunga sensa 6 za unyevu wa udongo, kila moja na laini yake, zinatuma vipimo kwa HTTPS (njia salama ya kutuma data kwenye intaneti) kila dakika, tunaangalia kwenye simu mimi, wife na kijana wa pampu. Bando zinaisha fasta halafu mtandao ukikata hatuoni chochote. Nifanyeje?

JIBU: Pole ndugu yangu. Tupige hesabu kwanza, siku ina dakika 1,440, zidisha kwa sensa 6 unapata meseji 8,640, na kipimo chenyewe ni baiti chache tu ila kila sensa ikifungua muunganisho mpya lazima isalimiane na seva (kompyuta ya mtandaoni inayopokea vipimo) na kukagua cheti chake cha usalama, hapo zinaondoka kilobaiti kadhaa. Tuseme 5, hiyo ni kama megabaiti 43 kwa siku, giga 1.3 kwa mwezi, na udongo wenyewe haujabadilika hata kidogo! Inaniuma kuona mkulima analipia hewa.

Anza na kitu cha bure, leo hii badilisha seting sensa itume pale unyevu unapopanda au kushuka, mfano asilimia 2, na hata usipobadilika itume mara moja kwa saa ili ujue iko hai, hiyo ya pili usiiache maana sensa iliyokufa na udongo uliotulia vinafanana kabisa ukiwa nyumbani.

Ukipata hela weka sensa za LoRa, yaani redio ya masafa marefu, zinafika kilomita kadhaa eneo la wazi kama huko kwenu bila laini, zote ziongee na boksi moja hapo shambani, ndio getiwei. Ndani yake weka Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye Mosquitto, ni programu ya bure ya kupokea na kugawa meseji inayotumia MQTT, lugha ya vifaa kutumiana meseji iliyobuniwa 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyokuwa yanaripoti kwa setilaiti, na setilaiti ilikuwa ghali, kwa hiyo kichwa cha meseji, yale maelezo ya mwanzo kabla ya kipimo chenyewe, kinaanzia baiti 2 tu. Washa ile ritein (retain, seting ya MQTT ya kuhifadhi meseji ya mwisho), boksi linabaki na kipimo cha mwisho cha kila sensa, kijana wa pampu akiunga WiFi ya boksi anakipata hapohapo hata intaneti ikiwa imekata. Nyie mlioko mbali mtasoma kwenye seva, boksi linapeleka kule nakala moja kwa laini moja, sensa haisumbuliwi tena hata mkiwa kumi.