Kabla Hujainunua Injini ya Supra

Kijana anayekuja gerejini kwetu Mwanakwerekwe, Unguja, akitaka kutia injini ya 1JZ-GTE katika Toyota Supra ya zamani, ile ya A70 iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1986 hadi 1993, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya injini. Mimi humwomba aanze kwingine, kwa sababu katika kazi hii injini ni sehemu iliyo nyepesi kuliko zote, nami nililijua hilo baada ya kupoteza miezi mitatu.

Shauku yenyewe ina msingi. Supra hiyo ya lita 3 ilitoka kiwandani na injini ya 7M, inayojulikana kwa kuunguza gasketi ya hedi kwa kuwa bolti za hedi zilikazwa kwa nguvu ndogo kuliko ilivyohitajika. Kuanzia mwaka 1990 Toyota wenyewe waliitia 1JZ-GTE katika bodi hiyohiyo kwa soko la Japani: sentimita za ujazo 2,491, turbo mbili, nguvu za farasi 280. Kwa hiyo mauntingi (vishikizo vya injini), waya na sampu (bakuli la oili chini ya injini) zinazolikubali gari hilo zilikwishabuniwa, na anayepanga vizuri hana haja ya kuchomea chuma chochote.

Mimi sikupanga. Nilinunua injini peke yake, iliyokuwa imetolewa katika gari la aina nyingine, na ilipofika kutoka bandarini Malindi niliona kwamba waya zake zimekatwa kwa msumeno na kompyuta yake haimo. Tulipoining'iniza juu ya gari, sampu ilikalia chuma cha kati cha mbele, kwa kuwa mahali pa sampu hutofautiana kulingana na gari lililobeba injini hiyo. Ikabidi isubiri vifaa vingine, na katika hewa yetu ya chumvi plagi za sensa zikashika kutu ya kijani. Tangu hapo humshauri mteja anunue nozikati, yaani sehemu yote ya mbele ya gari iliyokatwa pamoja na waya, kompyuta na radieta, hata kama bei inapanda. Na kabla ya kulipa, taka injini ipimwe kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, silinda zote 6. Silinda moja ikipungua sana kuliko wenzake, iache.

Giaboksi nayo ina mtego wake. Supra za 7M zenye turbo zilitumia giaboksi ya R154, ambayo inaihimili 1JZ bila shida, lakini kengele yake ya mbele, lile kava linaloiunganisha na injini, haiingiliani na injini za JZ, jamii ya 1JZ, hivyo lazima upate kengele ya JZ. Supra isiyo na turbo ina W58, nayo ni dhaifu mno kwa nguvu hizo. Usikubali kuambiwa kwamba itatosha kwa kuanzia.

Sasa nije kwenye joto, kwani hapa ndipo ninapoona injini nzuri zikifa. Katika miezi ya kaskazi, gari linaposimama kwenye foleni ya Darajani, hakuna upepo unaoingia kwenye radieta isipokuwa ule unaovutwa na feni, na intakula (kipoza hewa ya turbo) iliyofungwa mbele huziba sehemu ya njia hiyo. Funga feni yenye kava lake kamili, na uhakikishe kwamba radieta ni mpya au imefunguliwa na kusafishwa. Maji ya visima vya Unguja yamepita katika mawe ya chokaa, na chokaa hiyo hugandamana ndani ya mirija midogo mpaka radieta inayoonekana nzima inakuwa imeziba nusu. Tumia kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa. Zaidi ya yote, usitoe thermostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate joto. Najua desturi hiyo imeenea katika magereji yetu, na waliotufundisha kazi waliifanya kwa nia njema, lakini injini hii inaongozwa na kompyuta: isipofikia joto lake, kompyuta huamini kwamba bado ni baridi na huendelea kuongeza petroli, mafuta ya ziada yakaosha oili kwenye kuta za silinda na ringi zikalika.

Petroli pia iheshimiwe. Injini hii ilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kiwango chake huanzia oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila injini kugonga), hivyo usiongeze presha ya turbo, na ukisikia injini inagonga unapopanda kilima, ondoa mguu papo hapo.

Breki, shokapu na mipira ya petroli vikamilishwe kabla injini mpya haijawashwa, maana mwenye gari hatasubiri akishausikia mlio wake. Kagua pia kutu kwenye chasisi, hasa gari likiwa limelala Nungwi au Paje karibu na ufuo.

Jambo la kadi ya gari ni fupi: namba ya injini na ujazo wake vitabadilika, kwa hiyo hifadhi stakabadhi ya ununuzi na hati za forodha, kisha uende kwenye usajili mapema. Siku ya kuwasha, chomoa koili zinazotoa cheche na uzungushe injini mpaka presha ya oili ionekane kwenye geji, ndipo urudishe koili, na baada ya kilomita 100 za kwanza pita tena kwenye kila klipu na kila bolti ya mauntingi kwa spana mkononi.