Jibu: Tangi la choo cha gari limemwagwa, taa bado inasema limejaa

Jambo ndugu. Nimekusoma: umemwaga tangi la choo la gari lako la kulala, lakini taa bado inaonyesha limejaa, na usiku harufu inapanda.

Kwanza angalia hili: mkiegesha, valvu ya tangi mnaiacha wazi? Mimi niliiacha wazi wiki nzima hapa Goma. Maji yalitoka, kinyesi kikabaki. Nilipomulika tochi kwenye tundu la choo nikaona kilima kimekauka, na karatasi juu yake kama kofia. Siku hiyo sikula. Valvu ikae imefungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili. Uzito wa maji ndio unaosukuma uchafu.

Kutoa kilichoganda: jaza maji hadi nusu, tia sabuni ya vyombo, kisha tembeza gari ili maji yatikisike. Mawe ya volkeno ya mitaa yetu, tunayoyalaani kila siku, hapo yanasaidia! Acha lilale hivyo, mwaga, rudia. Kwangu taa ilizima mara ya tatu. Karatasi ilikuwa imeng'ang'ania vipimo vya ndani vinavyowasha taa.

Usitie javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo). Ikikutana na mkojo inatoa hewa inayochoma kifua. Dawa za dukani sijazijaribu.

Maji ya sinki yamwage mwisho, yasafishe mpira wa kumwagia. Na yote yaende kwenye fosi (shimo la choo la nyumba), mwenye nyumba akikubali, si ziwani. Watu wanachota Kivu maji ya kunywa.