Funga Mnyororo Chini: Nililojifunza Kwenye Mashindano ya Matrekta Ohio

Kabla trekta halijaruhusiwa kuingia uwanjani, mzee mmoja mwenye futi mkononi alipiga magoti nyuma yake akapima. Hakuangalia injini. Alipima kimo kutoka ardhini hadi pale mnyororo utakapofungwa. Kikizidi inchi 20, yaani kama nusu mita, dereva anarudishwa akarekebishe. Siku ile niliona wawili wakirudishwa, mmoja wao akiwa na trekta zuri kuliko yote yaliyokuwepo, na hakuna aliyemwonea haya.

Hiyo ilikuwa kaunti ya Wood, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ohio, Marekani, kwenye maonyesho ya wakulima ya mwezi Agosti. Nilikaa huko msimu mmoja nikijifunza kazi kwenye shamba la mahindi na soya. Sehemu ile zamani ilikuwa kinamasi kikubwa. Karne ya 19 watu wakachimba mifereji, maji yakaondoka, ukabaki udongo mweusi wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha unameza gurudumu. Mimi nimekulia Karatu, Tanzania, kwa hiyo matope hayanitishi, lakini yale niliyaheshimu.

Mchezo wenyewe ni huu. Trekta linafungwa kwenye sledi, chombo kirefu cha chuma ambacho mbele kina bamba linaloburuzwa ardhini na nyuma kina magurudumu. Juu yake kuna sanduku la uzito. Mwanzoni sanduku liko nyuma, juu ya magurudumu, na mzigo unavutika kirahisi. Kadiri trekta linavyosonga, sanduku nalo linasogea mbele na kulikandamiza bamba, hivyo kila mita unayopata inafanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Futi 300 ndiyo safari kamili. Wakifika zaidi ya mmoja, uzito unaongezwa, wanarudia. Wengi hawafiki. Injini inanguruma, moshi mweusi unapanda, matairi yanachimba, pua ya trekta inanyanyuka, halafu kila kitu kinasimama na watu wanapiga makofi hata kwa aliyeshindwa.

Mwenyeji wangu, mkulima wa miaka sabini na kitu, alinieleza kwamba zamani hapakuwa na sanduku la kusogea. Wanaume walijipanga kando ya njia, na sledi ikipita, mmoja mmoja alipanda juu yake, mpaka uzito wa watu ukalisimamisha trekta. Mashindano ya mwanzo yanayokumbukwa ni ya mwaka 1929, Vaughansville, si mbali na pale tulipokuwa, na mwaka huohuo mji wa Bowling Green wa jimbo la Missouri. Bowling Green nyingine, hii ya Ohio, makao makuu ya kaunti ya Wood, imekuwa na mashindano ya kitaifa tangu 1967. Nilikwenda kuyaona pia. Huko kuna mashine zenye injini kadhaa kwenye fremu moja, mashine ambazo hazijawahi kugusa jembe. Zinashangaza kweli. Lakini moyo wangu ulibaki kwenye maonyesho ya kaunti, kwa matrekta yaliyokuwa yamepanda mahindi miezi mitatu kabla na ambayo Jumatatu yangerudi kazini.

Nilimuuliza mwenyeji wangu kwa nini wanapima kimo kwa ukali namna ile. Akaokota kijiti, akachora kwenye vumbi. Injini inapozungusha ekseli ya nyuma na magurudumu yakashindwa kwenda, nguvu ile haipotei. Inatafuta kitu kingine cha kuzungusha, nacho ni mwili wa trekta wenyewe: pua inapanda. Ukifunga mzigo chini ya ekseli, mzigo unaivuta pua irudi ardhini. Ukiufunga juu ya ekseli, mzigo unasaidia kuipindua. Akasema kuanzia pua inaponyanyuka hadi mahali ambapo hakuna tena la kufanya ni kama robo tatu ya sekunde. Mguu wa mtu haufiki kwenye klachi kwa muda huo.

Nilinyamaza, nikaenda kukaa nyuma ya banda la ng'ombe peke yangu. Miaka minne kabla ya hapo baba mdogo alikuwa anang'oa kisiki nyumbani. Mnyororo ulikuwa mfupi, akaufunga juu, pale inapokaa toplinki, yaani mkono wa juu unaoshika plau, kwa sababu palikuwa karibu. Nilikuwa nimesimama pembeni. Trekta lilisimama wima kama ng'ombe anayepanda, kisha likaanguka chali. Alirushwa kando, hilo ndilo lililomponya, lakini mguu ulivunjika mara mbili na anatembea na fimbo hadi leo. Miaka yote minne tulisema ni bahati mbaya, wengine wakasema mengine. Kumbe ilikuwa kimo cha mnyororo.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayemiliki trekta, au kijana unayeendesha la mwenzio kwa posho. Mzigo wa kuburuza, uwe gogo, kisiki au lori lililonasa, ufunge kwenye kile chuma cha kuvutia tela kilicho chini, wala si penginepo. Si kwenye ekseli, si kwenye toplinki, hata kama mnyororo haufiki. Tafuta mnyororo mrefu zaidi, jirani anao. Tumia gia nzito, achia klachi polepole, na pua ikianza kunyanyuka kanyaga klachi papo hapo, usisubiri uone. Vyuma vya uzito vya mbele, vile ambavyo wengi wetu tumeviuza kama chakavu, vina kazi yake. Watoto wakija kutazama, na watakuja tu, wafukuze mbali kuliko urefu wa mnyororo, maana ukikatika unarudi kwa kasi.

Na trekta lako lenyewe likinasa, tafadhali usifunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili lijikwamue. Nimeona likifanyika mara nyingi, na madereva wazoefu wanalisifia. Gogo likikita ardhini, magurudumu yamefungwa, kinachobaki kuzunguka ni trekta na wewe juu yake. Chimba matope, jaribu kurudi nyuma badala ya kwenda mbele, ikishindikana kaite trekta la pili.

Wenzetu wa mashindano wana vyuma vya kuzuia trekta lisianguke chali, helmeti, na kebo inayozima injini sledi ikichomoka. Sisi shambani hatuna. Kama trekta lako lina fremu ya kumkinga dereva, usiikate ili lipite chini ya miti, na ufunge mkanda.

Niliporudi Karatu nilinunua kopo la rangi nyekundu, tukapaka chuma cha chini cha trekta letu, na pale juu kwenye toplinki tukapaka msalaba. Sasa dereva mpya akija kuomba kazi, haulizwi leseni kwanza. Anapewa mnyororo, anaambiwa aufunge. Anayemsimamia ni baba mdogo, amekaa kwenye kiti chake, fimbo mapajani.