Netplan kwenye Debian: nihamie sasa au nisubiri iwe difolti?

Swali: Mkuu, nina seva sita za Debian 12, mtandao wote upo kwenye /etc/network/interfaces na haunisumbui. Ila kazini tunatumia Ubuntu, nimeshazoea Netplan (zana ya kupanga mtandao wa seva kwa faili la maandishi la YAML), nataka na hizi zifanane. Nizihamishe sasa au nisubiri Debian waiweke rasmi?

Jibu: Hapo kwenye "rasmi" tuwekane sawa kwanza mkuu, maana Netplan ipo tayari kwenye ripo (ghala la programu) ya Debian 12, ukipiga apt install netplan.io inaingia bila kelele. Ila kuwepo kwenye ripo ni kitu kimoja na kuwa difolti ni kingine, ukiweka seva kwa instola ya kawaida bado unapewa ifupdown (ndo inayosoma hiyo /etc/network/interfaces yako), na maelekezo mengi utakayoyakuta yanachukulia kwamba ndo unayo.

Mimi hizo sita ningeziacha. Sio kwamba Netplan mbovu, naitumia kila siku. Shida ni pale katikati, seva ikiwa na mabwana wawili, ifupdown na Netplan, wote wanaupanga mtandao. Nilihamisha moja ya mbali, nikaandika YAML safi kabisa, ikakubali, nikasahau kufuta mistari ya zamani kwenye interfaces. Wiki tatu kimya! Siku ya kurebuti baada ya apdeti ya kerneli kadi ikaamka na IP mbili na geti mbili za kutokea nje, SSH (njia ya kuingia seva kutoka mbali) inashika inakata inashika inakata, nikakesha kwenye konsoli ya VPS (seva ya kukodi) ambayo hata kupesti haikubali.

Na angalia Ubuntu wenyewe. Waliifanya difolti kwenye 17.10 mwaka 2017, lakini seva iliyopanda kutoka 16.04 hadi 18.04 iliachiwa ifupdown yake, Netplan ikaenda kwa instolesheni mpya tu. Wenye mali hawakugusa kilichokuwa kinatembea, sasa wewe haraka ya nini?

Seva ya saba ukiisimamisha, hiyo ndo ianze na Netplan toka siku ya kwanza.

Kama uvumilivu umekushinda basi hakikisha konsoli unaifikia bila kupitia mtandao wa seva yenyewe, na washa systemd-networkd (huduma inayotekeleza ulichoandika kwenye Netplan) maana Debian haiwashi yenyewe. Watu watakwambia tumia netplan try badala ya netplan apply inayoweka mabadiliko moja kwa moja, kwamba usipobonyeza Enter ndani ya sekunde 120 inarudisha ya zamani. Kweli, ila inachorudisha ni konfigi ya Netplan iliyokuwepo kabla, habari za ifupdown haizijui, kwa hiyo siku ya kuhama yenyewe usiitegemee ikuokoe.

Halafu usikopi YAML za miaka ile zenye gateway4 (namna ya zamani ya kuandika geti), ilishapitwa na utapigiwa woni kila ukiapply. Andika routes, to: default, via: IP ya geti yako.