Wasomaji Wauliza: Kupiga Filamu Mashamba ya Mvinyo ya Namibia

SWALI: Mhariri, mimi na mwenzangu, wote wa Dodoma, tunakusudia kurekodi safari ya gari ya kuonja mvinyo katika mashamba ya jangwani Namibia. Tujiandae vipi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kuwa mmekulia karibu na mizabibu ya nchi kavu, kitakachowashangaza si ukame bali umbali, kwani kutoka Omaruru, kaskazini-magharibi mwa Windhoek, hadi Neuras, chini ya milima ya Naukluft ambako mizabibu hunyweshwa kwa chemchemi, ni safari ya siku nzima, na sehemu kubwa yake ni barabara ya changarawe. Chukueni matairi mawili ya akiba, na jazeni mafuta kila mnapokuta kituo.

Vumbi ndilo adui wa kamera: msibadilishe lenzi nje ya gari. Pigeni picha asubuhi na jioni, maana jua la mchana hufuta rangi ya majani na ya mchanga pia. Mavuno huangukia takriban Januari hadi Machi. Mimi ningechagua majira hayo, bila kujali joto.

Ulizeni mapema kuhusu kibali katika Kamisheni ya Filamu ya Namibia, na msirushe droni bila idhini ya mamlaka ya anga, hasa ndani ya hifadhi. Dereva na ateme kila anachoonja, au, afadhali zaidi, ashike kamera tu.