Mbio za alfajiri na sala ya kwenye daladala

Dada yangu, umeuliza kama unamkosea Mungu kwa kuamka saa kumi na moja kukimbia hadi Capri Point, kando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza, halafu sala unaimalizia kwenye daladala. Kukimbia si kosa. Paulo, katika 1 Timotheo 4:8, anasema mazoezi ya mwili yanafaa kidogo, utauwa, yaani kumcha Mungu, unafaa kwa yote. Kidogo si bure! Kinachoniuma ni kwamba mwili umeupangia saa, roho unaipa makombo. Ukifika kwenye majabali ya ziwani, keti dakika kumi, simu iwe imebaki nyumbani. Tamka polepole zaburi uliyoikariri, kisha sali, hata kama jasho bado linakutoka. Siku ya mfungo tembea tu. Na maji kunywa, kama mfungo wako unaruhusu.