Goti Langu Walilirithi: Kwako Unayeanza Kufundisha Karate

Umefunga mkanda mweusi mwezi uliopita na tayari umekabidhiwa watoto wa Jumamosi asubuhi. Hongera, na pole. Kupigana umefundishwa miaka yote hii. Kufundisha hakuna aliyekufundisha, na mimi pia sikufundishwa, kwa hiyo nitakueleza nilipojikwaa.

Nianze na aibu yangu. Zamani niliumia goti la kushoto, nikawa nikigeuka nalihurumia: kisigino kinanyanyuka kidogo, bega linatangulia, ndipo mguu unafuata. Goti likapona, zoea likabaki, na mimi mwenyewe sikuwa na habari nalo. Siku moja akaja mwalimu mmoja mkubwa kututazama. Akakaa kwenye benchi la ukutani, watoto ishirini na wawili wakaanza Gekisai, moja ya kata zetu, yaani mfululizo wa hatua na mapigo uliopangwa. Walipogeuka mara ya pili akaniita pembeni, akaniuliza kwa upole kabisa: "Hivi hawa wote wana goti bovu?" Nikatazama. Visigino ishirini na viwili vinanyanyuka kwa pamoja, kama vimepewa amri. Kukiondoa kile kisigino kulinichukua zaidi ya mwaka, na yupo kijana mmoja, leo ni baba wa watoto wawili, ambaye bado anacho.

Wazee walisema mtoto hutazama kisogo cha nina. Kwetu msemo huo hauna mafumbo. Unapoonyesha kata mpya unawapa mgongo, maana ukiwakabili, kushoto kwako ni kulia kwao, na nusu ya darasa itakuiga kama kioo. Onyesha mara mbili tatu, kisha acha. Tembea. Pita nyuma yao, chuchumaa utazame nyayo, rudi ubavuni. Mwalimu anayepiga zoezi pamoja na darasa mwanzo hadi mwisho anarudi nyumbani na jasho zuri, lakini hajamwona mtu hata mmoja. Na mara moja kwa mwezi mwombe mwenzako mkubwa akutazame wewe, si watoto.

Jambo la pili ni maswali. Binti mmoja wa mkanda wa kijani, alikuwa na miaka kumi na mitatu, aliniuliza: "Sensei, ngumi ya kulia ikienda mbele, ya kushoto inarudi kiunoni kufanya nini?" Nikamjibu ndivyo tulivyofundishwa. Aliitikia kwa adabu, lakini uso wake ulisema hajajibiwa. Jioni nikampigia mwalimu wangu. Baada ya shikamoo nikamweleza, akacheka: "Mkono unaorudi haurudi mtupu. Umeshika mkono wa adui, unamvuta aje kwenye ngumi." Nilikuwa nimeirudisha ngumi ile maelfu ya mara, mtupu. Ningemjibu yule binti kwa ukali kidogo tu, asingeuliza tena, na wanafunzi wangu wangeendelea kuirudisha hivyo hivyo.

Kukosa jibu si jambo la kuficha. Jin'an Shinzato, mwanafunzi mkubwa wa Chojun Miyagi wa Okinawa, kisiwa cha Japani, alikwenda kuonyesha karate Tokyo mwaka 1930. Akaulizwa mtindo wake unaitwaje. Hakuwa na jina la hakika, kwa sababu mwalimu wake alikuwa hajaupa jina. Alirudi na swali lile kwa Miyagi, na hapo ndipo likapatikana jina tunalolitumia hadi leo, Goju, yaani ngumu na laini.

Shinzato huyo ndiye aliyetarajiwa kushika nafasi ya mwalimu wake. Aliuawa katika vita vya Okinawa mwaka 1945. Miyagi alipoteza pia watoto wake katika vita hivyo, na yeye mwenyewe akafariki mwaka 1953. Inasimuliwa kwamba alikuwa na kawaida ya kumpa kila mwanafunzi Sanchin, kata ya msingi ya kupumua na kukaza mwili, pamoja na kata moja au mbili zinazoufaa mwili wake. Waliobaki ilibidi kila mmoja alete alichokuwa nacho ili urithi wake ukusanyike tena. Nikilifikiria hilo nawashangaa walimu wetu wengine wanaohifadhi "mbinu ya mwisho" wasije wakapitwa na wanafunzi wao. Wanamhifadhia nani? Ajali ya bodaboda haisubiri sherehe ya kukabidhiana.

Kwa hiyo usingoje mtu akomae ndipo aanze kufundisha. Mwenye mkanda wa kahawia mpe watoto watatu wa mkanda mweupe kwa robo saa kila wiki, nawe ujizuie kuingilia. Ukisikia anajikanyaga kwenye maelezo, umeshajua anachopaswa kurudia. Mimi hugundua makosa zaidi kwa kumsikiliza mtu akifundisha kuliko kwa kumwona kwenye mtihani.

Kuna watakaokuambia kwamba kuwarahisishia watoto ni kuiharibu karate. Gekisai yenyewe Miyagi aliitunga mwaka 1940 ili vijana wapate mahali pa kuanzia. Kama yeye hakuona aibu, wewe ni nani?

Video, ndiyo, rekodi. Simu inakumbuka mpangilio vizuri kuliko mimi. Lakini Sanchin haionekani kwenye simu. Kwa macho ni mtu anayetembea polepole akipumua kwa sauti. Kazi yote iko ndani, kwenye tumbo, mapaja na mgongo. Ndiyo maana mwalimu hupita akigusa mabega na kupima kama mwili umefungamana. Hapo uwe mwangalifu sana. Ni kiganja, si kipigo. Unamwambia mtoto kwanza utamgusa wapi na kwa nini, mbele ya wenzake, mlango wazi, na akisema hataki, hutaki nawe. Wengine tulifunzwa kwa makofi yaliyoacha alama, tukaambiwa huo ndio urithi. Ule hatuna haja ya kuurithisha.

Wazazi watakuuliza mkanda lini. Jibu tarehe ya mtihani, basi, usianze hotuba. Na mtoto asiye na gi, ile sare ya karate, aingie na kaptula. Kwenye kabati zipo tatu kuukuu zilizoachwa na waliokua.

Jumamosi fika saa moja na nusu, funguo ziko kwa mlinzi. Darasa linatumiwa na shule wiki nzima, utakuta vumbi la chaki na maganda ya karanga. Ufagio uko nyuma ya mlango. Anza kufagia wewe, kutoka kona ya mbali, wala usimwite mtu akusaidie. Wiki ya kwanza watakaa kukutazama. Wiki ya tatu au ya nne utaanza kukuta ufagio hauko mahali pake.